Harambe ya E Moja

Mwaka nilioacha chuo nilianza kujikimu kwa kuandika kuhusu mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Kazi ilikuwa ya mtandaoni. Mteja yuko ng'ambo, mimi niko Umoja kwenye bedsita ya rafiki, na kati yetu kuna kichwa cha makala, idadi ya maneno na saa ya kuwasilisha. Wiki moja ni vitanda vya mbwa. Wiki inayofuata ni bima ya nyumba huko Ohio. Halafu siku moja nikapewa Disney.

Makala thelathini, maneno mia tano kila moja, kwa familia za Kimarekani zinazopanga safari ya Florida. Asubuhi uanze na foleni gani? Mtoto wa miaka minne apande nini? Mvua ikinyesha mjifiche wapi? Mimi sijawahi hata kupanda ndege. Lakini ukitazama video za kutosha usiku, wakati bando ni za bei rahisi, unaweza kuzijua bustani za Disney kule Orlando kuliko unavyoijua South C. Nilijua choo kilicho karibu na kila mchezo. Nilijua ni kivuli kipi kinafaa saa nane mchana.

Makala ya kumi na tisa ilihusu bustani inayoitwa Disney's Animal Kingdom. Nilikuwa nimeongeza spidi ya video ili nimalize mapema. Kamera ikaingia mji mdogo wenye kuta zilizochubuka, milango ya mbao, nyaya zinazoning'inia na maandishi yaliyofifia ukutani: UHURU 1961. Nikasimamisha video. Kulikuwa na duka linaitwa Ziwani, baa inaitwa Dawa, mkahawa unaitwa Tusker House, na mahali pa kahawa panaitwa Kusafiri. Mji wenyewe unaitwa Harambe. E moja tu. Ile ya pili ilipotelea njiani.

Niliandika makala yangu nikaituma. Nitarudi kwa kile nilichoandika, kwa sababu hakinipendezi. Ila kuanzia usiku huo nilitaka kujua kampuni ya katuni ilifikaje kujenga mji wa Kiswahili kwenye vinamasi vya Florida, na kwa nini watu wa kila bara wanalipa pesa nyingi kwenda kutembea ndani ya miji isiyokuwepo.

*

Hadithi inaanza na mtoto ambaye hakukaa mahali.

Walt Disney alizaliwa Chicago mwaka 1901. Mwaka 1906 babake, Elias, alihamisha familia hadi shamba dogo nje ya Marceline, Missouri, mji wa reli wenye barabara kuu moja. Shamba halikulipa. Mwaka 1911 walikuwa wameshahamia Kansas City, ambako Elias alinunua njia ya kusambaza magazeti, na Walt na kakake Roy wakawa wanaamka kabla ya mapambazuko kuyapeleka mlango kwa mlango, theluji iwe imeanguka au haijaanguka. Utoto uliishia hapo. Kwa hivyo ile Marceline aliyoizungumzia maisha yake yote aliishi ndani yake kama miaka mitano hivi.

Mwaka 1923 Walt na Roy walianzisha kampuni Hollywood. Mickey Mouse alitokea mwaka 1928, na Snow White and the Seven Dwarfs ikatoka mwaka 1937. Kufikia miaka ya 1950 Walt alikuwa mtu maarufu mwenye mabinti wawili, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba wazo la bustani lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi, Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama wanawe wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Wao wanafurahi, yeye anangoja. Akajiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo mzazi na mtoto wanaweza kufurahi pamoja.

Swali zuri, lakini benki haikopeshi kwa swali zuri. Bustani za burudani za wakati huo zilijulikana kwa uchafu, walevi na michezo ya kuibia watu pesa. Hata Roy, mshika hazina wa kampuni, alisitasita. Walt akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Kilichomwokoa ni televisheni. Mwaka 1954 shirika la ABC lilikubali kuweka nusu milioni ya dola na kudhamini mikopo, nalo likapata hisa za bustani pamoja na kipindi cha Disney cha kila wiki. Kipindi kiliitwa Disneyland. Maana yake ni kwamba kwa miezi kadhaa, watoto wa Marekani walikuwa wanatazama tangazo la mahali ambapo bado ni vumbi na matrekta, na wanaliona ni kipindi. Kabla bustani haijafunguliwa, tayari wanaipenda.

Ilijengwa kwa mwaka mmoja tu, kwenye ekari 160 zilizokuwa mashamba ya michungwa huko Anaheim, California, kwa takriban dola milioni 17. Ilifunguliwa Jumapili tarehe 17 Julai 1955, ikionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mmoja wa watangazaji alikuwa mwigizaji anayeitwa Ronald Reagan. Siku yenyewe ilikuwa balaa. Watu walighushi kadi za mwaliko. Lami ilikuwa mbichi na kwa jua lile viatu vya visigino vikawa vinazama. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, kwa hivyo Walt alilazimika kuchagua: vyoo vifanye kazi au mabomba ya maji ya kunywa. Alichagua vyoo. Wenye kiu wakasema ni njama ya kuwauzia soda.

Baada ya wiki saba, watu milioni moja walikuwa wameshapita langoni.

*

Walikuwa wanafuata nini?

Ukisema Mickey, umekosea kidogo. Mickey unamwona bure kwenye televisheni. Tazama jinsi mahali penyewe palivyopangwa. Pamezungukwa na tuta la udongo, refu kiasi kwamba ukiwa ndani huioni Anaheim ya kweli, yenye moteli na nguzo za stima. Wote mnaingia kupitia lango moja na mnapita barabara moja, Main Street, ambayo ni ile Marceline ya mwaka 1906 iliyofuliwa na kupigwa pasi. Ghorofa za juu za maduka zimejengwa ndogo kuliko za chini, ili jicho lidhani nyumba ni ndefu ilhali mtoto hatishiki. Mwisho wa barabara kuna kasri, kwa hivyo kila wakati unajua unaelekea wapi. Rangi ikichubuka, inapakwa usiku. Kikombe kikianguka, anatokea kijana na ufagio kabla hujakiinamia.

Huyo kijana haitwi mfanyakazi. Anaitwa mwigizaji, kwa sababu kampuni iliamua kwamba kila anayelipwa pale yuko kwenye mchezo: akiwa mbele ya watu yuko jukwaani, na akienda kula chakula chake yuko nyuma ya jukwaa. Mteja naye haitwi mteja. Anaitwa mgeni. Walipojenga bustani ya Florida, iliyofunguliwa Oktoba 1971, miaka karibu mitano baada ya Walt kufa, walienda mbali zaidi. Walijenga njia za kupita chini ya Magic Kingdom, ili mtu aliyevaa nguo za siku zijazo asionekane akikatiza katikati ya mji wa makauboi. Takataka zenyewe hufyonzwa kwa mabomba. Hakuna mgeni anayeliona lori la taka.

Nikiandika makala zangu nilielewa kitu. Mimi ni mtu wa Nairobi. Nimezoea mji ambapo ukibanwa tao unatafuta mfukoni kwanza kama kuna sarafu ya choo, ambapo ukikaa kwenye ukingo wa maua unaangalia kama askari wa kanjo anakuja, ambapo njia ya miguu inaisha ghafla na kukuacha mbele ya matatu. Wadogo zangu walipokuwa watoto, burudani ya familia ilikuwa mashua za Uhuru Park na bembea za maonyesho ya kilimo mara moja kwa mwaka. Tulizipenda sana, lakini mama alishinda siku nzima akihesabu vichwa vyetu.

Kinachouzwa Disneyland ni siku moja ambayo mama hahesabu vichwa. Kuna mtu ameshafikiria utachoka wapi, utabanwa wapi, mtoto atalia wapi, akaweka benchi, choo na aiskrimu hapo hapo. Watu wenye elimu hupenda kucheka kwamba ni furaha ya plastiki. Sidhani wageni hawajui kwamba kasri ni bandia. Wanajua. Lakini kule kufikiriwa hakukuwa bandia. Mtu aliinama kweli akapima urefu wa mtoto wa miaka minne.

Mwaka 1955 kuingia kulikuwa dola moja kwa mtu mzima, na michezo ukalipia kando. Leo, siku za msimu, tiketi ya siku moja pale Anaheim inapita dola 200, yaani zaidi ya shilingi elfu ishirini na tano za kwetu, kwa mtu mmoja. Kufikiriwa kumepanda bei.

*

Sasa, je, mji mdogo wa Missouri unaweza kuuzwa kwa Mjapani?

Kampuni yenyewe haikuwa na uhakika. Tokyo Disneyland ilipofunguliwa tarehe 15 Aprili 1983, mjenzi na mmiliki alikuwa kampuni ya Kijapani, Oriental Land, kwenye ardhi iliyofukiwa baharini huko Urayasu, ambapo zamani palikuwa kijiji cha wavuvi. Disney walitoa jina na ujuzi, wakachukua mrabaha wa tiketi, chakula na bidhaa. Waliogopa hasara, wakajikuta wamekwepa faida. Mwaka wa kwanza walifika zaidi ya watu milioni kumi. Wajapani walitaka bustani ileile ya Marekani, lakini hata wao walibadilisha: Main Street ikaitwa World Bazaar, ikawekewa paa la vioo kwa sababu ya mvua, na maduka ya zawadi yakapewa nafasi kubwa, maana kule ukisafiri hurudi mikono mitupu kwa jamaa na wenzako wa kazini.

Basi kampuni ikajipa moyo. Paris, iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 chini ya jina Euro Disney, ilikuwa iwe yao kweli. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwongozaji wa tamthilia Ariane Mnouchkine aliiita Chernobyl ya kitamaduni, na maneno hayo yakazunguka dunia nzima. Wafanyakazi waliona kanuni za ndevu na mavazi ni kuingiliwa maisha yao. Wageni waliambiwa hakuna divai wakati wa chakula cha mchana, nchini Ufaransa! Mwezi wa Juni wakulima waliokasirishwa na siasa za bei za mazao walifunga njia kwa matrekta, kwa sababu hakukuwa na alama ya Marekani iliyokuwa karibu zaidi. Hoteli zilikuwa zimejengwa nyingi kuliko wageni, na madeni yakakaba. Mwaka 1993 divai iliruhusiwa. Mwaka 1994 madeni yakapangwa upya, mwanamfalme wa Saudia akaweka pesa, na jina likageuka kuwa Disneyland Paris. Na baada ya kelele zote hizo, Wafaransa wakaja. Ikawa bustani ya burudani inayotembelewa kuliko zote Ulaya.

Hong Kong ilifuata mwaka 2005, serikali ikiwa na hisa nyingi. Lango liligeuzwa nyuzi kumi na mbili kwa ushauri wa wataalamu wa feng shui, na mpango wa kuuza supu ya mapezi ya papa kwenye harusi ukafutwa baada ya watetezi wa mazingira kupiga kelele. Mwaka 2016 ikaja Shanghai, ambako kundi la makampuni ya serikali ya China lina asilimia 57. Kule hakuna Main Street kabisa. Badala yake kuna Mickey Avenue.

Kuanzia Anaheim hadi Shanghai ni miaka 61, na ile Marceline iliyoanzisha kila kitu imefutika. Kwanza iliwekewa paa, mwishowe ikaondolewa. Biashara haikutetereka hata kidogo. Ndiyo maana siamini wanaosema dunia inanunua Umarekani. Kama ingekuwa hivyo, ukitoa mji wa Kimarekani watu wangeacha kuja. Kilichobaki baada ya kuutoa ni tuta la udongo, ufagio, choo kilicho karibu na mtu wa kukuita mgeni. Hivyo havina taifa.

*

Lakini ndani ya tuta hilo hilo, tangu siku ya kwanza, palikuwa na kona ya kwetu.

Anaheim ilipofunguliwa ilikuwa na sehemu iitwayo Adventureland, na ndani yake mto wa kutembezwa kwa boti katikati ya msitu. Walt alitaka wanyama wa kweli, akaambiwa watalala mchana na wageni hawataona kitu, kwa hivyo wakaundwa viboko na tembo wa mitambo. Waliundwa pia watu: wenyeji wa kuchekesha, wenye mikuki. Mwaka huo huo wa 1955 kampuni ilitoa filamu ya hali halisi, The African Lion, ambayo Alfred na Elma Milotte waliipiga Afrika Mashariki kwa karibu miaka mitatu. Hesabu hiyo miaka. Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Watu walikuwa kambini na vijiji vimezungushiwa mitaro. Kamera ilikuwa huku, na ilirudi Marekani na simba. Wale wenyeji wa mitambo walianza kuondolewa mtoni mwaka 2021.

Mara ya pili kampuni ilipokuja, ilikuja kwa ajili ya The Lion King. Kikosi cha filamu kilifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikatazama majabali ya Hell's Gate kule Naivasha, kikarudi na Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi. Filamu ilitoka mwaka 1994 na msemo mmoja ukaenda kila nyumba yenye televisheni. Kwetu msemo huo ulikuwa wimbo tayari. Them Mushrooms walikuwa wameuimba kwenye Jambo Bwana mwaka 1982, kwa watalii wa Mombasa. Kampuni iliomba "Hakuna Matata" iwe alama yake ya biashara kwenye nguo nchini Marekani, ikakubaliwa mwaka 2003, na mwaka 2018 zaidi ya watu laki moja wakatia sahihi mtandaoni kupinga. Kisheria hakuna aliyekatazwa kusema maneno hayo. Usajili ulihusu fulana. Lakini nawaelewa waliokasirika. Unaweza kujua kwamba jirani hajakuibia, na bado usifurahie kuona jina la mamako kwenye lango lake.

Kisha tarehe 22 Aprili 1998 ikafunguliwa Animal Kingdom, na ndani yake Harambe.

Kiongozi wa wabunifu alikuwa Joe Rohde, na lazima niseme ukweli: yule jamaa alifanya kazi. Timu yake ilisafiri Afrika tena na tena. Walitembea vichochoro vya Lamu wakapima kuta, milango na mabaraza. Mafundi wa kuezeka walitolewa Afrika Kusini, Wazulu, wakaja Florida na nyasi zao. Mji ukapewa historia ya kubuni: bandari ya Waswahili iliyopata uhuru mwaka 1961 na sasa inaishi kwa utalii wa wanyama. Hata jina la mbunifu limefichwa mle kwa utani, duka moja linaitwa Jorodi. Harambe ilifunguliwa miaka mitatu kabla UNESCO haijauweka Mji wa Kale wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Florida walikuwa na Lamu yao mapema.

Safari yenyewe, inayoitwa Kilimanjaro, unapanda lori na kuona twiga na vifaru wa kweli. Mwanzoni ilikuwa na kisa: majangili wamemvamia tembo anayeitwa Big Red, na ninyi wageni mnawafukuza kwa lori mpaka mumwokoe mtoto wake. Kisa hicho kilikuja kuondolewa, lakini fikiria wazo lake. Mtalii kutoka Ohio, akiwa na soda mkononi, ndiye aliyekuwa anaiokoa mbuga.

Sasa rudi kwenye zile kuta zilizochubuka.

Kuta za Harambe hazikuchubuliwa na mvua. Kuna watu waliolipwa kuzichubua. Nyufa zimechongwa. Saruji ya barabarani imebonyezwa alama za baiskeli na majani ikiwa mbichi. Matangazo yamefifishwa kwa brashi, na kutu imepakwa. Kampuni ileile ambayo haikubali mkwaruzo hata mmoja Main Street ukae hadi asubuhi, inaajiri mafundi kuhakikisha mkwaruzo wa Harambe hauponi.

Nikikumbuka Marceline, naiona tofauti. Miji yote miwili ni kumbukumbu. Walt alikumbuka mji wa babake aliyefilisika, akaupaka rangi mpya. Wabunifu waliikumbuka Lamu, wakaikumbuka pamoja na nyufa. Hawakuwa na nia mbaya. Nyufa zipo, na wengi wa wageni wao wasingeamini Afrika isiyo na nyufa. Lakini Marceline nayo ilikuwa na matope, farasi wanaokunya barabarani na shamba lisilolipa. Mji wa kwao ulisamehewa. Wetu ulihifadhiwa na makosa yake, na mbaya zaidi, uhuru wake umeandikwa ukutani na rangi ikaachwa ifubae, kama kitu kilichofika mara moja na hakikurudi kuangaliwa.

*

Niliahidi kurudi kwa makala yangu.

Ile ya kumi na tisa niliiandika saa tisa usiku. Mteja alitaka sentensi moja ya kuwashawishi familia waanze na Harambe asubuhi. Nikaandika kwamba ukipita pale utahisi uko Afrika halisi. Niliiandika nikiwa Umoja. Stima ilikuwa imepotea tangu saa mbili, kompyuta inatumia chaji ya mwisho, na ukuta niliouegemea ulikuwa umechubuka bila mtu kulipwa kuuchubua. Mteja aliipenda, hakurekebisha neno. Nililipwa.

Mei 2025 kampuni ilitangaza bustani ya saba, Abu Dhabi, Yas Island, ambayo itajengwa na kumilikiwa na kampuni ya huko, Miral, mpango uleule wa Tokyo. Ikifunguliwa itakuwa ndiyo Disney iliyo karibu zaidi na Nairobi, saa tano hivi kwa ndege. Wakenya hawatahitaji kuelekezwa njia. Wako Ghuba tayari, kwenye hoteli, kwenye malango, kwenye majumba ya watu. Binamu yangu ni mmoja wao, analinda jengo huko Abu Dhabi. Nilimpigia kumwambia habari.

"Nimeskia," akasema. "Nitaomba kazi. Popote palipo na AC."

Nikamweleza kuhusu ufagio na jukwaa, kwamba huko hataitwa soja, ataitwa mwigizaji. Akacheka. Nikamweleza Harambe, nyufa za kuchonga, Uhuru 1961, hasira yangu yote. Alisikiza hadi mwisho.

"Na Lamu umeshafika?" akauliza.

"Bado."

"Sasa wewe na hao mna tofauti gani, cuzo? Wao angalau walienda."

Sikuwa na la kumjibu. Zilibaki makala kumi na moja, nikazimaliza, na pesa za mbili za mwisho nimeziweka kando. Nauli ya basi kwenda Lamu nimeshauliza.